Kitabu Kisicho na Jalada

Marehemu baba aliniachia *Mashimo ya Mfalme Sulemani* bila jalada wala kurasa za mwanzo, kikinuka mafuta ya taa. Utotoni alitusomea kwa sauti; alipofika kwa yule ajuza mchawi tulijifunika shuka gubigubi. Kiswahili chake kilinyooka mno, nikaamini kimeandikwa na mzee fulani wa Pwani.

Imani hiyo nikaifanya hoja barazani kwetu Mikocheni. Ubishi wa riwaya ukianza, natupa kete yangu: kabla ya Shaaban Robert kuvuma alikuwepo mtu, ila jina lake limepotea. Wenzangu wakaniona mjuzi.

Siku moja, kwa wauza vitabu chakavu kule Posta, nikakikuta kizima. H. Rider Haggard, Mwingereza, alikiandika 1885, kwao kikagombewa kama maandazi ya asubuhi. Frederick Johnson akakitafsiri 1929, huyo huyo aliyekuja kuwa katibu wa Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili chetu hiki. Haggard alikwishafariki, 1925. Baadaye nikachimba zaidi: riwaya yake nyingine, *Allan Quatermain*, ina safari inayoanzia Lamu, ambako kaka yake aliwahi kuutumikia ubalozi mdogo wa Uingereza. Kwa hiyo Pwani ilikuwemo, ila si kwa namna niliyoitaka mimi.

Siku ile pale Posta nilisimama juani kama mtu aliyeambiwa baba aliyemlea si wake. Nikakirudisha kwenye turubai. Ningekinunua, ningekipeleka wapi?

Barazani nikanyamaza. Hilo si kubwa, ni ubishi wa wazee na kahawa. Lakini mwaka uliofuata mpwa wangu alikuja na kazi ya shule kuhusu riwaya za zamani. "Anko, kile kitabu cha babu kaandika nani?"

Nilijua. Nikamwambia mzee wa Pwani, jina halijulikani. Akaandika hivyo hivyo kwa kalamu ya bluu, akapiga mstari chini yake kwa rula, taratibu, asiuchafue.

Daftari likarudi na wino mwekundu: kosa, na alama ya kuuliza kubwa pembeni. Alinionyesha kibarazani, wala hakukasirika.

"Huyu mwalimu hajui kitu, anko," akasema, akacheka.

Nami nikacheka naye. Sasa yuko chuo, anasomea ualimu wa Kiswahili.