Mbwa wa Sungura na Kichaka cha Mibirizi

Mtu akisikia jina la Mibirizi huenda akakumbuka kahawa. Misheni ya Kikatoliki ilianzishwa juu ya kilima hicho mwaka 1903, na baadaye mapadri wakapanda mibuni ambayo uzao wake ulienea sehemu nyingi za Rwanda. Hata leo ipo aina ya buni inayoitwa Mibirizi. Lakini mimi sikwenda huko kwa ajili ya kahawa. Nilikwenda kuuliza swali la mbwa.

Swali hilo nimelibeba tangu utotoni kwetu Ngara, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Tulikuwa na mbwa mwekundu, mwembamba, ambaye tulimwita Shujaa. Sifa yake ilikuwa moja: hakuna kichaka alichokiogopa. Wenzake walizunguka pembeni wakinusanusa. Yeye alijitosa katikati. Siku moja alimfukuza sungura hadi ndani ya matete ya bondeni, asitoke tena. Tulisimama nje tukimwita mpaka jua likatua. Siku ya tatu baba alimkuta humo, waya wa mtego ukiwa shingoni mwake. Jirani mmoja alisema kwamba mbwa yule alikuwa jasiri kupita kiasi. Mwingine akasema mbwa wa sungura hawezi kuwa jasiri kupita kiasi. Nani alikuwa na haki?

Mwaka jana kazi za ofisi zilinipeleka Kigali, na mfanyakazi mwenzangu wa huko, mzaliwa wa Rusizi, akanialika kwao mwisho wa juma. Alipoona namna ninavyopenda habari za mbwa, alisema, "Twende ukamwone baba yangu mkubwa. Ujanani aliwinda."

Barabara ya kwenda Rusizi hupita Huye na Nyamagabe, kisha huingia msitu wa Nyungwe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti, na kwa muda mrefu hatukuona nyumba wala shamba. Msitu huo ulianza kulindwa mwaka 1933, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mwaka 2023 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ulinzi huo haukuja mapema kwa wanyama wote. Nyati wa mwisho aliuawa mwaka 1974, na tembo wa mwisho alikufa mwaka 1999. Hadi sasa askari wa hifadhi hupita wakiondoa mitego ya nyaya. Niliposikia neno "nyaya" nilimkumbuka Shujaa.

Kamembe nilijiona niko nyumbani, maana Kiswahili husikika kila kona ya soko. Bukavu iko ng'ambo tu ya mto Rusizi, na tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Kutoka hapo tulipanda pikipiki, tukapita vilima vya migomba na mibuni, vumbi jekundu likitufuata, mpaka Mibirizi.

Mzee alitupokea uani. Ni mtu wa makamo ya miaka themanini, mrefu, mwenye sauti ya chini. Miguuni pake alilala mbwa kijana wa rangi ya kahawia. Baada ya salamu na habari za safari nikamweleza kisa cha Shujaa, kisha nikauliza: mbwa wa sungura aingie kichakani kwa ujasiri wa kiasi gani?

Hakujibu mara moja. Aliingia ndani akatoka na njuga ya chuma, nzito kuliko nilivyotazamia.

"Mwanangu," alisema, "mbwa wetu wa zamani hawakubweka sana mawindoni. Mbwa akinyamaza ndani ya nyasi, utajuaje aliko? Kwa hiyo tulimfunga hii."

Jambo hilo ni kweli pia kwa mbwa wa jirani zetu wa Kongo. Mbwa wa jamii hiyo isiyobweka walionyeshwa London mwaka 1937, wakawa maarufu Ulaya kwa jina la Basenji. Msomaji ataona jinsi jina hilo linavyofanana na neno letu la dharau, "washenzi". Hata hivyo, mbwa aliyepewa jina hilo alikuwa na elimu yake.

Mzee alinifundisha elimu hiyo kwa utaratibu. Sungura wa mwituni, alisema, hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi katika nyasi, akitegemea kutulia kwake kwanza, na mbio zake baadaye. Mbwa mwoga anayezunguka nje hamwamshi. Mbwa mwenye pupa anayejitosa kwa kishindo humtoa upande wa pili kabla watu hawajajipanga. Mbwa mwema huingia akipokea upepo puani, kichwa chini, bila haraka, akimsukuma mnyama kuelekea peupe, kwenye watu na nyavu.

"Na njuga ndiyo inayokueleza," aliendelea. "Ikilia polepole, anatafuta. Ikilia kwa haraka, ameona. Ikinyamaza ghafla, basi ama amekamata, ama amekamatwa. Hapo mwenye mbwa haiti. Anaingia."

"Hata kama kuna nyoka?"

"Hata kama kuna nyoka. Kama wewe huwezi kuingia, kwa nini ulimtuma? Mbwa aende mpaka pale ambapo wewe uko tayari kumfuata. Akizidi hapo, huo si ujasiri wake tena. Ni uzembe wako."

Nilinyamaza. Katika miaka yote hiyo tulikuwa tukipima ujasiri wa Shujaa, wala hatukupima wa kwetu. Waya ule usingemuua upesi kama mmoja wetu angeingia jioni ile. Tulikuwa watoto watano na kijana mmoja mwenye panga, na sote tuliogopa matete. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Lakini mbwa wetu hakupata hata kilio. Sisi tulirudi kula.

Nikamwuliza mzee kama mbwa wake kijana naye huvaa njuga. Alitikisa kichwa. Sheria haikuruhusu tena kuwinda ovyo, alisema, naye anaitii. Lakini ilikuwapo sababu nyingine. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia parokia ya Mibirizi waliuawa. Mahali pengi nchini, waliojificha vichakani walitafutwa kwa mbwa. Baadaye mbwa wengi walipigwa risasi, kwa kuwa walikuwa wakila maiti.

"Wapo majirani ambao njuga ikilia kichakani mioyo yao hushtuka," alisema. "Kwa hiyo niliitundika. Mbwa hakuwa na kosa. Mbwa huenda anakotumwa."

Alikirudisha chuma kile ndani. Jioni, tulipokuwa tukiagana, kitu kilitikisika katika nyasi chini ya mibuni. Mbwa kijana aliruka, akafika ukingoni, akaingiza kichwa na mabega. Mzee alitamka neno moja tu, kwa sauti ya kawaida. Mbwa akasimama, akageuza shingo kumtazama, kisha akarudi taratibu. Mzee hakumsifu wala kumkemea. Alimgusa sikio tu.

Wasomaji wenye mbwa nyumbani, wa kulinda mbuzi au kufukuza waharibifu shambani, nadhani wanaweza kuchukua funzo hilo. Mfundisheni mbwa kurudi kabla ya kumfundisha kuingia. Mchanjeni dhidi ya kichaa cha mbwa kwa wakati wake, maana akiumwa na mnyama wa porini hatari huja hadi kwa watoto. Msimpeleke kuwinda bila kibali. Na mkimtuma mahali penye giza, muwe tayari kumfuata humo.

Nilipofika nyumbani kaka yangu aliniuliza kwa simu kama nimepata jibu la swali letu la Ngara. Nilimwambia nimelipata. Nilipomweleza, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Yule mwenye panga nilikuwa mimi."