Mbio Zilizo Damuni

Wahenga walinena: ukipenda boga, penda na ua lake. Nchini Marekani, wengi humpenda haski kwa macho yake ya samawati, wakasahau kuwa mababu zake walilelewa na Wachukchi wa Siberia kukokota sleji juu ya theluji. Mnamo mwaka wa 1925, dondakoo lilipozuka Nome, Alaska, makundi ya mbwa yalipokezana dawa kwa takriban kilomita 1,085. Togo, haski aliyeongoza kundi mojawapo, alikuwa na umri wa takriban miaka 12.

Damu ya namna hiyo haitulii uani. Haski akikosa mbio huchimba, huruka ukuta na kulia usiku kucha. Mwenyewe huchoka, akampeleka kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa. Huko, aliyekomaa ana heri moja: tabia zake zi wazi, ilhali kinda ni fumbo. Hivyo basi, anayetaka kumchukua hana budi kujiuliza iwapo atakimbia naye kila alfajiri. Asiyeweza na amwache, kwani mbwa anayerudishwa mara ya pili hubebeshwa lawama isiyo yake.