Bustani ya Matete Mtwapa

Tulivuka daraja la Mtwapa baada ya swala ya Adhuhuri, akina mama sita wa darsa moja, kumzuru shangazi wa mwenzetu. Tulikuwa tumesikia habari za bustani yake, nasi tukatamani kuiona.

Kwa miaka mingi maji machafu ya nyumba hiyo yalikuwa yakiingia katika shimo lililo nyuma ya jiko. Ardhi ya huko ni jiwe la matumbawe, lenye vitundu mithili ya sifongo. Maji hupenya upesi, pasipo kuchujwa na udongo. Nacho kisima cha jirani ki hatua chache tu kutoka hapo. Siku moja jirani alileta ndoo ya maji yenye harufu, akaiweka kizingitini, akarudi kwake bila kutamka neno. Tangu siku hiyo wakakatiana salamu.

"Swala nasali, saumu nafunga," alituambia shangazi, "na huku namnywesha jirani yangu uchafu wangu."

Uani tulitarajia kuona dimbwi, tukaona bustani. Maji ya nyumba huingia kwanza katika tangi lililofunikwa, mafuta yakaelea na taka nzito zikatuama. Kisha hupita katika handaki lenye kina cha sentimita 60, lililotandikwa nailoni nzito lisivuje, likajazwa kokoto na kupandwa matete na mafunjo. Maji husafiri humo polepole kwa siku kadhaa, chini ya uso wa kokoto, hivyo mbu hawapati pa kutagia. Vijidudu vilivyoshika mawe na mizizi ndivyo vinavyoula uchafu.

Elimu hii si ngeni. Katika miaka ya 1950, huko Ujerumani, bibi mmoja mtaalamu, Käthe Seidel, alianza kuijaribu mimea ya majini katika kusafisha maji machafu. Hata Gereza la Shimo la Tewa, ng'ambo ya hori hiyo ya Mtwapa, lilijengewa ardhioevu ya namna hii kwa msaada wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa.

Mdogo wetu akauliza, "Shangazi, maji haya twaweza kutawadhia?"

"La, mwanangu. Haya ni ya migomba na minazi tu."

Ni kweli kwamba mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa kuwa maji machafu yaliyosafishwa kikamilifu, yakarudi katika ladha, rangi na harufu yake ya asili, ni tohara. Lakini usafishaji huo ni kazi ya mitambo na wataalamu. Handaki la uani hupunguza madhara, haliyaondoi yote.

Wala kazi yake haiishi. Mafuta ya tangini huchotwa, matete hukatwa, na mchanga ukiziba kokoto sharti zitolewe na kuoshwa.

Kisima cha jirani hakikutakata kwa usiku mmoja, naye angali akichemsha maji ya kunywa. Ila tulipokuwa tukiaga, aliingia kwa mlango wa uani, akatoa salamu, akaomba miche miwili ya migomba. Shangazi alikwenda kumchimbia mwenyewe.

Tuliporejea makwetu, kila mmoja wetu alihesabu hatua kati ya shimo lake na kisima cha jirani. Nawe, dada msomaji, hebu zihesabu zako.