Fungate Yangu ya Baiskeli Chini ya Mlima Hanang



Maharusi wanaokuja dukani kwangu kupimwa gauni, wakishamaliza kuuliza bei, huniuliza: "Dada, wewe fungate ulikwenda wapi?" Nikiwajibu kuwa nililala kwenye hema huko Gendabi, wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, baada ya kupiga pedeli siku nzima, hucheka mpaka pini zinawatoka. Leo nawasimulia siku ile yote, maana kuna jambo ndani yake ambalo ningependa kila bi harusi alijue kabla ya kutiwa hina.

Wengi wenu mnajua kuwa hii ni ndoa yangu ya pili. Ya kwanza ilidumu miaka mitatu, na katika miaka hiyo nilijifunza kunyamaza. Kila nililosema lilirudi kwangu likiwa kosa. Talaka ilipokuja nilirudi kwa mama, nikasoma kozi ya ushoni, nikaanza na cherehani moja barazani. Leo nina duka, cherehani nne na wasichana wawili wanaotegemea mshahara wangu. Alhamdulillah.

Mume wangu wa sasa ni Mpemba, na Mpemba humkosi popote penye biashara. Yeye hununua mbaazi Babati. Tulipooana mwezi wa Juni alikaa nami siku tatu tu, msimu ukamwita. Fungate ni siku saba, kwa hiyo nikamwambia nitamdai nne. Akacheka, akasema deni ni deni.

Lakini kulikuwa na deni jingine ambalo hatukulitaja. Watu wa kwake na wa kwangu walikwishasema: mke humfuata mume, kwa hiyo ifikapo Januari nifunge duka nihamie Babati. Mimi niliinamisha kichwa tu, kama nilivyozoea. Moyoni sikutaka. Miezi mitano tulikuwa tunazungumza kwenye simu kila usiku, na kila usiku nilikata simu sijalisema.

Novemba, mbaazi zilipokwisha, akaniita nikachukue siku zangu nne. Yeye huzunguka vijijini kwa baiskeli, na mimi nilikwishamwambia kuwa nimejifunza kuendesha, nakwenda Bububu na kurudi. Akapanga tutoke Babati mpaka Singida, zaidi ya kilomita 150, tukilala njiani. Mama aliposikia alishika kiuno: "Mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne, una duka lako, unakwenda kulala porini?" Nikamwambia, mama, nakwenda na mume wangu.

Kwa wanaotaka kujua vazi: baibui la kawaida litaingia kwenye mnyororo likuangushe. Nilijishonea gauni la pamba la kufika chini ya magoti, lenye mpasuo pande zote mbili, na ndani yake suruali pana yenye lastiki kwenye vifundo vya miguu. Mtandio nao uwe wa pamba, ubanwe chini ya kidevu. Satini itateleza kabla hujamaliza kilomita ya kwanza.

Tuliondoka Babati baada ya sala ya Alfajiri. Hewa ilikuwa ya baridi kiasi cha kuniuma vidole. Tukashika njia ya Dareda, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa mkono wetu wa kulia, na mbele kabisa mlima Hanang umesimama peke yake. Ule mlima una zaidi ya mita 3,400, na sisi watu wa visiwani hatukuzoea kitu kirefu kuliko mnara na mnazi. Nilidhani tutaufikia kabla ya saa nne. Saa nne ikafika, mlima uko palepale.

Asubuhi ilikuwa tamu. Watu walikuwa wanalima kwa ng'ombe wakisubiri mvua, watoto wakitukimbilia wakipiga kelele. Kwenye mteremko mmoja nilimpita mume wangu, nikamsikia nyuma akicheka. Nikakumbuka Bi Aisha (R.A.), alivyoshindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini akamshinda, na baadaye Mtume naye akamshinda, wakawa sawa. Mara nyingi maharusi tunafundishwa namna ya kumpikia mume na kumfukizia. Kucheza naye hatufundishwi sana, na ni sunna nzuri.

Baada ya Endasak tuliiacha lami ili kukwepa malori, tukafuata njia ya vumbi katikati ya uwanda. Hapo upepo ukatugeukia usoni. Mzigo kwenye keria ukawa kama umeongezeka, jua likapanda, na mimi nikaanza kuhesabu mafundo ya maji.

Hapa niseme kosa langu. Asubuhi mume wangu alinipa chupa mbili kubwa za maji nizifunge kwenye mzigo. Moja niliiacha chumbani Babati makusudi, nikaweka mahali pake chetezo kidogo cha udongo, udi na kanga yangu nzuri. Nilikuwa nakwenda kudai fungate yangu, na somo yangu hakunifundisha kwenda kwa mume bila udi. Sikumwambia. Ilipofika saa sita mchana chupa yangu ilibaki na fundo mbili, nami nikawa natabasamu kila akigeuka kuniuliza, "Uko sawa?" Nasema niko sawa. Mdomo umekauka kama ngozi ya ngoma.

Tulisimama chini ya mgunga kwa ajili ya sala. Kwa kuwa nia yetu ilikuwa Singida tulikuwa wasafiri, tukakusudia kuswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbilimbili. Kibla hakikututatiza, kule pia ni kaskazini kama kwetu. Akaniambia, "Haya, tia udhu." Nikasimama na chupa yangu mkononi. Mashoga, unaweza kumdanganya mtu kwenye simu miezi mitano, lakini mbele ya mswala ulimi unakuwa mzito. Nikamwambia: "Maji sina. Chupa moja niliiacha Babati. Nimebeba chetezo."

Alinitazama. Niliona hasira imempanda, kwa sababu kiu ilikuwa yake pia. Akasema, "Ungeniambia asubuhi, ningekibeba mimi." Kisha akamimina maji yake nusu kwenye chupa yangu. Yaliyobaki yalikuwa ya kunywa, kwa hiyo tukatayamamu kwa vumbi, tukaswali. Nilikuwa nasubiri alirudie lile jambo. Kule nilikotoka, kosa kama hilo lilikuwa linasemwa mwezi mzima, mbele ya wageni na mbele ya watoto wa jirani. Siku ile lilisemwa mara moja, chini ya mgunga, likabaki pale.

Kuna habari ya Sayyidna Umar (R.A.) ambayo wengi mmeisikia darsani. Mtu alimsifu mwenzake mbele yake, naye akamuuliza kama ni jirani yake, kama amefanya naye biashara ya pesa, kama amesafiri naye. Alipojibu hapana kwa yote, Umar akamwambia basi humjui. Neno letu safari limetoka kwenye Kiarabu, safar, na masheikh husema limeitwa hivyo kwa kuwa safari hufunua tabia za watu. Mimi nilikwenda nikitaka kumfunua mwenzangu. Aliyefunuliwa kwanza nikawa mimi.

Gendabi tulifika saa kumi na moja jioni, simu ikisema tumekwenda kilomita 60 na kitu. Miguu ilikuwa haina habari na mimi. Mume wangu akaona mahali pazuri, chini kwenye korongo kavu: mchanga laini, tambarare, upepo haufiki. Akapiga hema haraka, akagongea mambo zote. Nilikuwa nakunja mtandio nijilaze, akatokea bibi mmoja wa Kibarbaig, mjukuu wake akiwa na mbuzi. Bibi akasema maneno kwa lugha yake, kijana akatutafsiria: "Bibi anasema msilale hapo."

Mume wangu alikuwa amechoka. "Mwambie bibi shikamoo, tunashukuru, lakini mvua haipo."

Kijana akamfikishia, akatuletea jibu: "Hapa haipo. Ipo kule juu." Akanyoosha fimbo. Kilele cha Hanang kilikuwa kimefunikwa na wingu zito.

Hapo mwili ulinisisimka. Mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ile. Tope, mawe na magogo viliteremka kutoka mlima huuhuu asubuhi, vikaingia Katesh na vijiji vya pembeni, na Gendabi hii ni miongoni mwao. Zaidi ya watu 80 walifariki. Sisi Unguja tuliona picha kwenye simu, tukasema inna lillahi, tukaendelea na shughuli. Bibi huyu alikuwapo. Korongo kwetu lilikuwa kitanda, kwake ni njia ya maji.

Mume wangu akautazama mlima, akalitazama hema alilolipiga kwa nguvu zake za mwisho. Kisha akaniambia, mbele ya yule bibi na mbele ya kijana mdogo: "Nimekosea. Tuhame."

Nawaambia kweli, machozi yalinilengalenga nikajifanya nafuta vumbi. Miaka mitatu ya ndoa ya kwanza sikuwahi kulisikia neno hilo hata mara moja. Tukang'oa mambo, tukapandisha kila kitu, na bibi akatuonesha pa kulala kando ya boma lake.

Alitupa maziwa, sisi tukampa tende. Aliposikia mimi ni fundi nguo akaingia ndani, akatoka na sketi yake ya ngozi, ile wanayovaa wanawake wao walioolewa, sasa zaidi kwenye sherehe. Imekatwa vipande vyembamba vinavyoning'inia kama nyuzi, na juu imeshonwa shanga. Niliigeuza nitazame upande wa ndani, maana ushoni hutazamwa kwa ndani, nikakuta kila pindo limetulia. Nami nikawasha chetezo changu. Bibi akasogea kwenye moshi wa udi, akafumba macho, akacheka. Nikamwambia mume wangu, unaona, chetezo kimefaa. Akasema, "Kesho nabeba mimi."

Usiku baridi ilishuka. Tumejifunika, nyota nyingi, fisi wanasikika mbali. Nikawaza: huyu mtu leo amekosolewa na kijana mchunga mbuzi, akakubali. Kama sisemi leo, basi sitasema tena. Nikasema: "Mimi sitaki kufunga duka."

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Aliposema, hakusema nililotaka. Aliniambia kuwa amekwishalipia nyumba kubwa zaidi Babati kuanzia Januari, na kwamba amechoka kula peke yake, na kwamba ameumia kuona nimelificha neno hilo miezi mitano. Nikaona ana haki. Nikaomba radhi. Kisha tukaanza kuhesabu kwa vidole gizani. Msimu wake wa mbaazi ni kama miezi minne. Iliyobaki anaweza kukaa zaidi Unguja. Mimi ndoa hujaa kabla ya Ramadhani na baada ya Idi, katikati duka hupoa, naweza kwenda kwake. Tukakubaliana tujaribu mwaka mmoja, kisha tukae tena tuzungumze.

Asubuhi nilitoka kutazama korongo. Lilikuwa kavu, maji hayakuja. Nilijua kuwa mwanamume mwingine angesema, "Umeona? Tumehama bure." Wangu alikwenda kumuaga bibi, akamshukuru mara ya pili, akarudi akafunga chetezo kwenye keria yake. Sisi hatukujua jinsi maji yanavyotembea pale. Mgeni ni kipofu hata akiwa na macho.

Mashoga zangu maharusi, sisemi mkanunue baiskeli. Lakini mnapoulizia habari za mchumba, pamoja na kazi na ukoo, waulizeni waliosafiri naye: akichoka anakuwaje, na akiambiwa amekosea anafanya nini? Na sisi nasi tujiulize hayohayo. Mimi ningekwenda Babati Januari nimefunga mdomo na duka, kisha nimlaumu maisha yangu yote kwa kutosikia neno ambalo sikumwambia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki Hanang, awape subira walioachwa, na azitie ndoa zetu mapenzi na huruma. Amin.

Na deni langu? Tulifika Singida siku ya tatu. Bado namdai siku moja.