Hongo, Mzigo na Dhana

Wajerumani huliita wazo la jumla kwa neno litokanalo na kushika: akili, kwa neno hilo, ina mkono, nao mkono huo hukamata mambo mengi yafananayo na kuyafumbata pamoja. Waswahili huliita dhana, na asili ya dhana katika Kiarabu ni kukisia, kuwaza jambo ambalo yakini yake bado haijapatikana. Lugha moja yasema kwamba akili imeshika. Nyingine yasema kwamba akili inadhani tu. Yaonekana ni tofauti ndogo, lakini ugomvi mkubwa wa falsafa umekaa ndani yake.

Plato aliamini kuwa wazo la haki au la uzuri lipo kabla ya mambo ya haki na vitu vizuri, nalo halibadiliki. Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alilishusha wazo chini: mtu huona farasi wengi, huacha yale yawatofautishayo, na mabaki huyaita farasi. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1781, alisema kuwa akili haipokei tu, bali huleta maumbo yake yenyewe ya kuyapanga yale yaliyopokelewa. Marx aliwauliza wote swali ambalo hawakulizoea: huyo mwenye kuwaza anaishi vipi, anafanya kazi ya nani, na ni nani amlipaye? Kwa Marx, dhana hazishuki kutoka mbinguni wala hazizuki katika kichwa cha mtu peke yake. Hukua katika mahusiano ya watu na kazi yao, na mahusiano yakigeuka, nazo hugeuka.

Njia ya kale ya misafara yafaa kuwa mizani ya madai hayo. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kila msafara uliopita humo katika karne ya 19 ulikutana na neno moja lililowaudhi wenye mali kuliko miiba na jua: hongo. Mtemi alidai nguo, shanga na waya kabla msafara haujaruhusiwa kupita au kuteka maji. Katika Ugogo, ambako maji ni ya shida, dai hilo lilikuwa na maana iliyo wazi. Nchi ina mwenyewe, na kisima kina mwenyewe. Mgeni anyweshaye punda na mamia ya watu hana budi kumtambua mwenye kisima. Kwa mtemi, basi, hongo ilikuwa haki. Kwa mfanyabiashara, ilikuwa dhuluma tupu, na wasafiri wa Ulaya waliijaza vitabuni kwa uchungu.

Lakini mfanyabiashara yule yule, bidhaa zake zilipoingia Unguja, alikuwa ameshatozwa. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sultani na Marekani ulikata asilimia 5 ya thamani ya bidhaa zilizoingizwa. Hilo hakuliita dhuluma, aliliita ushuru. Tendo ni moja: mwenye mamlaka ya mahali hupokea sehemu ya mali ipitayo. Majina yalikuwa mawili kwa sababu wenye mamlaka walikuwa wawili, na mmoja tu ndiye aliyetambuliwa na wenye mali. Mwaka 1871 ugomvi baina ya Mirambo na Waarabu wa Tabora uliwaka kuwa vita na njia ikafungwa. Ndani ya vita hiyo mlikuwamo swali la nani ana haki ya kutoza. Mirambo alikufa mwaka 1884. Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwaka 1893, Wajerumani walipomshinda. Kuanzia mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na hiyo ikawa halali. Hongo ya mtemi ilikosa mwenyewe. Leo neno lile lile ni jina la rushwa, na msomaji wa kawaida hawezi kulisikia ila kwa aibu.

Hapo mfuasi wa Marx atatabasamu, na ana haki ya kutabasamu kidogo. Lakini asizidishe. Ili hongo na ushuru vionekane kuwa ndugu, lazima pawe na akili ivilinganishayo na kukataa kudanganywa na majina. Kazi hiyo haikufanywa na baruti wala na nguo. Ni kazi aliyoizungumza Kant, na mtemi wa Ugogo aliiweza bila ya kumsoma.

Mwaka 1857, Marx akiwa London, aliandika kwamba dhana ya kazi kwa jumla, kazi isiyojali kama ni ya kulima au kufuma, yaonekana kuwa ya kale kama wanadamu, lakini huwa kweli katika maisha pale tu ambapo watu huhama kwa wepesi kutoka kazi moja hadi nyingine. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Burton na Speke walifika Kazeh, mahali palipo Tabora. Walifika kwa miguu ya wapagazi, watu walioajiriwa kwa ujira wa nguo na kwa posho ya kila siku, waliojua uzito wa mzigo wa haki, waliogoma posho ilipopunguzwa, na waliotoroka mapatano yalipovunjwa. Hawakuwa na kiwanda wala kitabu cha uchumi. Walikuwa wakiuza nguvu zao kwa muda na kwa bei, na walijua hivyo barabara.

Kwa hiyo madai ya Julius Nyerere yastahili kupimwa mahali pale pale. Yeye alisoma Tabora kabla ya kwenda Makerere, akarudi kufundisha huko katika shule ya Mtakatifu Maria. Katika insha yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa alitilia shaka kama lugha yoyote ya asili ya Afrika ina neno la tabaka kwa maana ya Wazungu. Na kwa kuwa lugha hueleza mawazo ya wenyewe, alihitimisha kuwa wazo lenyewe halikuwapo katika jamii za Waafrika. Ni hoja nzuri, lakini imetegemea mno neno. Karibu na Tabora palikuwa na watemi, matajiri wa pembe, wapagazi wa ujira na watumwa mashambani. Mtumwa hakuhitaji istilahi ili ajue kwamba jembe analoshika si lake.

Wasomi waliompinga, kama Issa Shivji katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya matabaka Tanzania, waliirudisha dhana iliyokataliwa, na mjadala ukapata uhai. Hata hivyo, mwenye kuipeleka dhana hiyo nyuma hadi njia ya misafara atapata taabu. Amwite mpagazi wa Kinyamwezi mfanyakazi asiye na kitu ila nguvu zake? Wapagazi wengi waliondoka wakati wa kiangazi na kujitahidi kurudi kabla ya mvua, kwa kuwa walikuwa na mashamba yao. Wengine walinunua mtumwa kwa faida ya safari, ili alime wao wakiwa njiani. Mwezi wa Julai alikuwa mwajiriwa anayedai posho Ugogo. Mwezi wa Desemba alikuwa mkulima katika ardhi yake. Na nyuma ya nyumba yake huenda alikuwapo mtu aliyemwita bwana. Mtu huyo alikuwa mmoja, katika mwaka mmoja.