Bonge Mimi, Mgonjwa Kaka!

Jamani, mimi ni bonge, sifichi. Huku Manchira, Serengeti, bibi akiniona hushangilia: "Umenawiri, mjukuu wangu!" Nesi yeye hakushangilia. Kilo 82, urefu mita 1.70. Akagawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, ikaja 28.4. Kawaida haifiki 25, eti nimezidi. Kaka yangu, mwembamba kama fito, akapata 20.3. Alinicheka njia nzima!

Haikupita miezi miwili, kaka akawa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani, usiku halali kwa kwenda msalani. Kupimwa damu: sukari. Mimi je? Sukari safi, presha safi.

Kumbe hesabu yenyewe aliibuni Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, mtu wa takwimu wala si daktari! Haitofautishi misuli ya jembe na mafuta ya kitambi. Sisemi unene hauna hatari, unazo, na kiuno changu nimeshakipima kwa futi ya fundi cherehani. Sitaji.

Kaka hanicheki tena. Jioni tunatembea wote hadi bwawani, yeye mbele, mimi nyuma nahema.