Mpaka wa Duka na Nyumba

Mto una kingo zake na shamba lina mpaka wake. Kazi nayo haina budi kuwa na kikomo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa siku moja ya mapumziko, kwa uchache, katika kila siku saba. Mwenye duka dogo hana mwajiri wa kumpa siku hiyo. Hujipa mwenyewe au huikosa.

Dada yangu mkubwa ana duka lililoungana na nyumba yake. Watu walimbishia hodi usiku wa manane kwa kutaka kiberiti, na simu ililia tonge lingali mkononi. Watoto wake walimwona kila saa, wasimpate hata saa moja. Ndipo alipoandika mlangoni: Duka hufungwa saa mbili usiku. Mwezi wa kwanza mapato yalipungua, na jirani mmoja alinuna. Dada hakulegeza neno lake, ila kwa mwenye mgonjwa. Wanunuzi wengi walijifunza kuja mapema. Wachache hawakurudi, naye aliihesabu hasara hiyo kuwa bei ya kula chakula cha jioni pamoja na wanawe.

Vijana, wengi wenu mtajiajiri. Wekeni saa ya kufunga kabla ya kupanga bidhaa. Maana asiyeimaliza kazi yake kwa siku, kazi itammaliza yeye kwa miaka.